Twilight: wengi mnaiponda kwa kosa ambalo si lake

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za usiku. Mwenye bando asogeze kiti, uzi ni mrefu. Wale wa "umeandika gazeti" nimeshawaona.

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tatu. Kaja kwangu likizo, katika pekuapekua zake akakuta boksi ambalo sijalifungua tangu nihame Sinza, na ndani yake Twilight yangu. Ile yenye jalada jeusi, mikono miwili myeupe imebeba tufaha jekundu. Kakisoma siku tatu, chakula anakula kwa kuitwa. Siku ya nne ananiuliza tukiwa tunachambua mchele: "Shangazi, hivi huyu Edward mlimpendea nini? Mbona anamchunga mwenzake kama mbuzi wa kafara?"

Nilikosa jibu. Mwaka 2009 mimi nilinuniana na rafiki yangu wa damu wiki nzima kwa sababu ya huyo huyo Edward. Basi nikavitoa vyote vinne, nikavisoma upya. Nimemaliza jana usiku. Na nimegundua kwamba miaka yote hii watu wanaisema vibaya, mimi naitetea, na wote tulikuwa tunagombania kitu ambacho wala sicho.

Kwa ambao hawaijui: mwandishi ni Stephenie Meyer, Mmarekani, mama wa watoto watatu aliyekuwa akiishi Arizona. Juni 2003 aliota ndoto, msichana na vampaya wamekaa kwenye uwanda wa majani wanaongea. Akaamka akaandika. Kitabu kikatoka 2005, cha nne kikatoka Agosti 2008. Vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 100. Filamu zake tano, kuanzia 2008 hadi 2012, ziliingiza zaidi ya dola bilioni 3. Hadithi yenyewe fupi: Bella Swan, miaka 17, anahamia kwa baba yake kwenye mji mdogo wa mvua unaoitwa Forks, anampenda mwanafunzi mwenzake, Edward, na Edward huyo ni vampaya: ana miaka 17 tangu mwaka 1918.

Sasa turudi kwenye chuki.

Mimi filamu yake niliionea banda umiza, Mwananyamala, ile iliyoingizwa sauti ya mtafsiri. Kiingilio shilingi mia mbili, benchi la mbao, feni moja inayogeuka kama imelazimishwa. Mpaka katikati watu walikuwa wametulia. Kikafika kile kipande Edward anafungua shati juani ili Bella aone yeye ni kitu gani, na ngozi inaanza kumetameta. Banda zima likapasuka. Mtafsiri naye hakuwa na huruma: "Jamani, kijana kajimwagia urembo wa keki!" Kaka mmoja nyuma yangu akasimama kabisa: "Vampaya gani huyu? Rudisheni hela!"

Hiyo ndiyo chuki ninayoikuta kila mahali, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Eti vampaya lazima aungue juani. Nani kasema? Dracula wa Bram Stoker, kitabu cha mwaka 1897, anatembea London mchana kweupe. Nguvu zinampungua tu, haungui. Habari ya jua kumuua vampaya ililetwa na filamu ya Kijerumani isiyo na sauti, Nosferatu, mwaka 1922. Kwa hiyo yule kaka wa nyuma yangu alikuwa anatetea mila ya watu wa sinema akidhani ni mila ya mababu wa vampaya. Na tukija kwetu ndiyo kabisa: mumiani tuliyetishwa naye utotoni hakuwa na habari na jua wala msalaba. Nairobi enzi za mkoloni watu waliwaogopa wazimamoto, ikisemekana wanakamata watu na kuwatoa damu, na hao walikuwa na gari na sare za kazi. Kila nchi na mnyonya damu wake. Meyer kamtengeneza wake anayemetameta. Ni mbaya? Mimi naona inachekesha. Lakini kuchekesha si kosa la kumfanya mtu auchukie mfululizo mzima wa vitabu.

Chuki ya pili haisemwi kwa jina lake. Mwaka 2009 kwenye Comic-Con, lile tamasha la mashabiki wa katuni na sinema kule San Diego, mashabiki wa Twilight walijaa, wengi wasichana na mama zao, na wakaonekana watu wamebeba mabango yanayosema Twilight imeharibu Comic-Con. Fikirieni. Mtu mzima amekuja na upanga wa plastiki na kofia ya chuma ya maboksi, anamwambia binti wa miaka kumi na tano kuwa yeye ndiye kaleta utoto. Kwetu ni vilevile. Mwanaume akilia Simba au Yanga imefungwa, huyo ana mapenzi na timu. Binti akipiga kelele kwa sababu ya Edward, ana wehu. Hata walioipika sinema hawakuwa mbali na hapo. Filamu ya kwanza iliongozwa na mwanamke, Catherine Hardwicke, kwa bajeti ya dola milioni 37 hivi, ikarudisha karibu milioni 400. Nne zilizofuata wakapewa wanaume.

Ya tatu, uandishi. Stephen King, yule mwandishi wa hadithi za kutisha, alishasema mwaka 2009, bila kupepesa, kwamba Meyer hajui kuandika. Hapa nusu nakubali. Nilipokuwa binti nilikuwa naruka kurasa kwenda kwenye maongezi; safari hii nimesoma kila mstari, na ule uso wa Edward unasifiwa mpaka unatamani upigwe na ndui. Kama marumaru, kama malaika, kama sanamu, ukurasa unaofuata tena marumaru. Na kitabu cha nne kinakusanya majeshi ya vampaya dunia nzima yaje kupigana, wanafika, wanazungumza, wanaondoka. Filamu ililazimika kubuni vita kisha kusema ilikuwa maono tu. Lakini kuna mahali amenishinda. Kitabu cha pili, Edward anapomwacha Bella, unafungua unakuta ukurasa una neno moja tu: Oktoba. Unaofuata, Novemba. Desemba. Januari. Hamna kitu kingine. Aliyewahi kuachwa anajua ile miezi ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na kumetameta, na uandishi nimeusamehe. Shida yangu iko kwenye kitabu cha tatu, na pale ndipo swali la mtoto lilipokuwa linaelekea ingawa yeye alikuwa hajafika.

Bella anataka kwenda La Push, kijiji cha ufukweni, kumwona rafiki yake Jacob, kijana anayegeuka mbwa mwitu. Edward hataki, anasema huko ni hatari. Bella anaingia kwenye lile gari lake kuukuu, anawasha, haliwaki. Kugeuka, Edward amekaa kiti cha pembeni, kimya, ameshika kidude cheusi anakizungushazungusha kidoleni. Amekitoa kwenye injini. Hagombi, hapandishi sauti. Anasema atakirudisha, asubuhi gari litakuwa tayari kwa kwenda shule, na kama Bella hataki amtembelee usiku, basi afunge dirisha, yeye ataelewa. Bella anapanda chumbani kwa hasira, analibamiza dirisha. Anasimama analitazama. Kisha analifungua lote.

Mwaka 2009 hapo pa dirisha nililia kwa raha. Juzi nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Maana si gari tu. Baadaye Edward akienda kuwinda, anamwachia dada yake Alice amshikilie Bella nyumbani kwao, na malipo ya Alice ni gari la Porsche la njano. Msichana analindwa kwa rushwa, na imeandikwa kama kichekesho. Jacob naye, ambaye ninyi wa Team Jacob, mliotaka Bella amchague yeye, mnamfanya mtakatifu, anambusu Bella kwa nguvu. Bella anampiga ngumi, anavunjika mkono mwenyewe. Baba mtu, tena polisi, anaposikia, anampongeza Jacob. Jamani, baba!

Niishie hapo kwanza, mtoto kaniita. Karibuni, ila tusitukanane.

#2

Mkuu umeandika gazeti na nimelisoma lote, nimejishangaa. Hapo kwa Dracula umenifundisha kitu. Ila hata kama jua ni la 1922, vampaya kazi yake kutisha. Huyu wa kwako ana miaka mia na ushee, ana uwezo wa kusoma mawazo ya watu, hasinzii hata dakika, halafu kitu alichochagua kufanya na umilele wake ni kwenda sekondari. Kidato cha tano tena na tena! Kwenye filamu wana kofia za mahafali wamezitundika ukutani kama vikombe vya ligi. Mimi nikipewa uzima wa milele, darasa la hesabu hamnioni.

#3 Mleta mada

Hahaha, mkuu hapo sina utetezi. Kofia zile hata mimi zilinishinda.

#4

Salamu kutoka Nairobi. Dada, umesahau moja ambayo huku kwetu tuliishika sana: yule Laurent mwenye rasta kwenye filamu ya kwanza ni Edi Gathegi, mzaliwa wa hapa Nairobi. Tulivyomwona tulipiga vigelegele, kijana wetu kaingia Hollywood na meno yake.

Lakini ukifuatilia ile hadithi utakasirika. Hardwicke amewahi kueleza kwenye mahojiano kwamba alitaka familia ya vampaya ya kina Edward iwe na watu wa rangi mbalimbali, na mwandishi akawa mgumu, kwa sababu kichwani mwake vampaya wote ni weupe pe. Aliyekubaliwa mwishowe ni Laurent, ambaye si wa ile familia nzuri. Ni mmoja wa wale watatu wanaopita njia wakiwinda watu. Na filamu ya pili mbwa mwitu wanamrarua. Kwa hivyo Mwafrika wetu aliingia kwa mlango wa nyuma na akatolewa kabla chai haijapoa. Mimi sababu yangu ya kutoipenda ni hiyo, na sijawahi kuisikia ikitajwa kwa hizi mada zenu.

#5

Mimi naitetea na sitaomba radhi. Nyinyi mnaisoma kama kitabu cha semina ya ndoa. Binti wa miaka 15 anajua vampaya hayupo, basi na Edward anajua hayupo. Mimi nilikuwa bweni la wasichana, kitabu kimoja watu arobaini, kila mtu usiku mmoja kwa tochi. Tulichokuwa tunakitaka ni mwanaume anayekutaka kufa na bado anajizuia. Anajizuia kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka ndoa! Nyie mnajua wanaume tuliokuwa tunakutana nao nje ya geti? Hata kugusa mkono alikuwa haombi. Meyer ni Mmormoni, imani yake iko humo wazi, na kwa sisi wa shule ya masista ilikuwa inaingia kama ufunguo. Mnaoita ule ulinzi ni ufungwa, sawa, ila kwetu ilikuwa mara ya kwanza kusoma tamaa ya msichana imeandikwa na haijaadhibiwa.

#6 Mleta mada

Dada yangu wa #5, umenigusa, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa mimi. Hiyo ya kujizuia ni kweli tupu na nadhani ndiyo siri ya biashara yote. Ila angalia: haijaadhibiwa mpaka fungate. Usiku wa kwanza wa ndoa, kule kisiwani Brazili, Bella anaamka na michubuko mwili mzima, na kazi ya kwanza anayoifanya asubuhi ni kumbembeleza mume asijisikie vibaya. Kisha mimba inamla kutoka ndani. Mimi hiyo naihesabu adhabu.

Na la kuwa wasichana hawadanganyiki, mtoto wa kaka kanionyesha una haki nusu. Yeye kaona kamba ya mbuzi siku tatu tu. Sisi mbona hatukuona? Nimejiuliza sana. Nafikiri kwa sababu barua zote tulizokuwa tunaandikiwa zilikuwa na lugha ile ile. "Sitaki kukuona ukiongea na yule." Tulikuwa tunazitunza chini ya godoro. Kwa hiyo sisemi Meyer alitufundisha kitu kigeni. Alikuta shamba limelimwa.

Wenyewe wakosoaji walimwambia Bella ni wa kuokolewa tu, Meyer akajibu kwa kitabu, mwaka 2015, kageuza jinsia: msichana ndiye vampaya, mvulana ndiye binadamu. Alitaka kuonyesha kuwa binadamu yeyote mbele ya vampaya ni dhaifu, awe wa kike au wa kiume. Jibu zuri kwa swali ambalo hakuulizwa. Suala la udhaifu mimi sina shida nalo, naongelea kile kidude cha injini.

#7

Mtoa mada, naishi jimbo la Washington, kwa hiyo mnaongelea uani kwangu. Nilipeleka wageni Forks kiangazi. Kutoka Seattle ni safari ya saa nne hivi. Mji ni wa watu wapatao 3,500, zamani ulikula kwa kukata mbao, siku hizi unakula pia kwa Bella. Gari lake jekundu limeegeshwa nje ya ofisi ya wageni, watu wanapanga foleni kupiga picha. Septemba kuna tamasha. Kichekesho ni kwamba Meyer alipouchagua alikuwa hajawahi kufika. Alitafuta kwenye intaneti sehemu yenye mvua nyingi Marekani.

Lakini mkiendelea mbele mpaka baharini mnafika La Push, na hapo ndipo mimi niliacha kuipenda hii hadithi. Wale mbwa mwitu wa Jacob si kabila la kubuni. Waquileute wapo, na hilo ndilo eneo lao lililobaki. Mwaka 1889 walitengewa maili moja ya mraba, na mwaka huo huo nyumba zao 26 zilichomwa moto wakati wenyewe wamekwenda vibarua vya kuchuma mazao. Wana hadithi ya asili, kwamba mwumbaji wao aliwageuza mbwa mwitu kuwa watu, wakawa wao. Vampaya hamna humo. Meyer alichukua mbwa mwitu, akaongeza maadui, akaongeza hasira na vifua wazi. Aliyemwigiza Jacob hata si Mquileute. Vikombe, fulana na mikufu vikauzwa dunia nzima kwa jina lao bila wao kupata mgawo, mpaka ikabidi wao na jumba la makumbusho la Burke la hapa Seattle waandae maelezo ya kutenganisha historia yao na sinema.

Na shida yao halisi wakati filamu zinatamba ilikuwa maji. Shule na nyumba za wazee ziko usawa wa bahari, kwenye eneo la tsunami. Walikuwa wanaomba ardhi ya mlimani. Sheria ya kuwarudishia ekari 785 kutoka hifadhi ya taifa ilisainiwa na Obama 2012, na shule mpya ya huko juu ilifunguliwa 2022.

Halafu mpenda lugha mwenzangu: lugha yao haina sauti ya M wala N. Haina kabisa. Hebu jaribu kuongea Kiswahili bila M na N uone utafika wapi. Hata "mimi" huwezi kusema. Kitu cha ajabu namna hiyo kipo pale, na kitabu kizima kimeona vifua tu.

#8

Kaka wa #7, huo uwe uzi wako peke yake, utufungulie.

Mimi langu dogo: Jacob na yule mtoto mchanga wa Bella na Edward. Kijana anamtazama mtoto aliyezaliwa saa hiyo hiyo anasema huyu ndiye wangu wa milele. Renesmee, jina lenyewe ni majina ya bibi zake wawili yameshonwa pamoja. Kitabu kilipotoka kuna mashabiki Marekani walihamasishana wakirudishe dukani, na hao ni mashabiki! Nasikia "si mapenzi ya hivyo, anamlinda tu mpaka akue." Mjomba akija na posa hiyo kwangu atakuta mbwa wamefunguliwa.

#9

Filamu ya mwisho ilizoa tuzo saba za Razzie, zile za ubovu, na moja walipewa Jacob na huyo mtoto kama jozi mbovu ya mwaka. Naona waamuzi walikuwa na watoto nyumbani.

#10 Mleta mada

Nimerudi. Kaka wa #7, nimesoma ya La Push mara mbili. Nikarudi kitabuni kutafuta bahari inavyoelezwa. Ipo. Mawe, magogo, mawimbi, moto wa kuni ufukweni wenye rangi ya bluu. Maelezo mazuri kabisa. Watu wanaoishi pale ndio wamefifia. Na dada wa Nairobi, ya Gathegi nilikuwa naijua nusu, ile ya familia nzuri na wapita njia sikuwahi kuiona. Sasa siwezi kuacha kuiona.

Mnaouliza mtoto kaendeleaje: yuko kitabu cha tatu. Jioni hii kaja jikoni kidole kikiwa katikati ya kurasa, nikajua amefika kwenye injini. Sikumwuliza kitu, nikaendelea na kitunguu.

"Shangazi, kutoka kwa kina Bella mpaka La Push ni mbali?"

Nikamwambia kama kilomita ishirini na mbili.

Akafikiri. "Si ningetoka asubuhi tu kwa mguu."